Kula Mwenyewe Baada ya Kuumia Shingo: Anza na Kiganja, Kifaa Baadaye

Kabla hujanunua kitu chochote, weka mkono wako mtupu juu ya meza, bila kijiko wala sahani, na mwombe mtu wa nyumbani aangalie unaweza kufanya nini. Unaweza kuuinua begani? Kiwiko kinakunjika? Kifundo cha mkono kinapanda juu chenyewe? Vidole vinafumba? Majibu ya maswali hayo manne ndiyo yatakayokuambia unahitaji kifaa gani.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza kinyume. Niliumia shingo kwa ajali ya bodaboda, na ndugu yangu aliyeko nje akaniletea boksi zima la vijiko vyenye mipini minene. Vizuri, vya rangi, vimefungwa kila kimoja peke yake. Hakuna hata kimoja kilichonifaa. Mpini mnene ni wa mtu ambaye vidole vyake vinafumba ila havina nguvu; vyangu havifumbi kabisa. Nilichohitaji ni kipande cha mkanda wa begi chenye mfuko mdogo, na fundi viatu wa mtaani alinishonea nikiwa nimekaa namtazama. Vile vijiko sasa anavitumia bibi yangu, ambaye mikono inamtetemeka, na vimemkubali sana.

Mwongozo huu ni wa walioumia uti wa mgongo kwenye shingo, kwa sababu hao ndio mikono yao huguswa. Aliyeumia mgongoni au kiunoni mikono yake ni mizima. Shida yake mezani ni kukaa vizuri bila kuanguka mbele. Huyo asome hatua ya tatu, inamtosha.

Hatua ya kwanza: jua umebakiwa na nini

Shingo ina pingili 7 lakini hutoa jozi 8 za neva, ndiyo maana kwenye karatasi ya hospitali utaona C1 hadi C8. Kila neva ina kazi zake mkononi, na zinapangika kama ngazi.

Aliyebakiwa na C4 anaweza kupandisha mabega na kugeuza shingo, basi. Mwenye C5 anainua mkono pembeni na kukunja kiwiko, yaani anaweza kuleta mkono mdomoni, lakini kifundo kinaning'inia. Mwenye C6 anaongeza kitu kimoja kidogo chenye thamani kubwa: anaweza kupandisha kifundo cha mkono juu. Mwenye C7 ananyoosha kiwiko kwa nguvu zake, kwa hiyo anafikia mbali. Mwenye C8 anafumba vidole.

Usishangae mkono wa kulia ukiwa na ngazi moja na wa kushoto nyingine. Usishangae pia kama mambo hayafuati mpangilio huu kabisa, hasa kama jeraha lako si kamili, yaani ujumbe fulani bado unapita chini yake. Tena mwaka wa kwanza mambo hubadilika sana, kwa hiyo rudia kipimo kile cha mezani kila mwezi. Kifaa cha Januari kinaweza kuwa mzigo ifikapo Juni.

Kwa Waislamu, na kwa wengi wetu tuliolelewa kuona mkono wa kushoto si wa chakula, hapa pana jambo la kuamua mapema. Kama kushoto ndiko kwenye nguvu, kula kwa kushoto. Udhuru ni udhuru. Waambie wa nyumbani mara moja, kisha jambo hilo lisirudiwe kila mlo.

Hatua ya pili: linda kiganja kabla ya kukifundisha

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa watu wa nyumbani waisome kwa sauti.

Jaribu kwenye mkono mzima wa mtu mwingine. Mwambie alegeze vidole, kisha mpandishie kifundo cha mkono juu. Utaona vidole vinajikunja vyenyewe kidogo na kidole gumba kinasogea kugusa ubavu wa kidole cha shahada. Mshushie kifundo chini, vidole vinafunguka. Hakuna msuli wa vidole uliofanya kazi hapo. Ni kano ndefu zinazopita kwenye kifundo: kikipanda, zinavutwa na vidole vinafumba, kikishuka, zinalegea.

Wataalamu wanauita mshiko wa tenodesisi, na kwa mtu wa C6 ndio mkono wake wote. Kwa mshiko huo utashika kipande cha mkate, mandazi, chapati iliyoviringishwa, kachori, kipande cha muhogo, hata uma mwembamba. Erik Moberg, daktari wa upasuaji wa Göteborg, Sweden, ambaye miaka ya 1970 alianza kuwafanyia upasuaji wa mikono watu waliopooza miguu na mikono, alijenga njia yake juu ya nguvu hiyo hiyo ya kupandisha kifundo.

Sasa, nyumbani kwetu huruma inafanya nini? Anakuja shangazi, anakuja jirani, kila mmoja anaona vidole vimejikunja na kuanza kuvinyoosha. Anashika kiganja, anakipandisha juu, na wakati huo huo ananyoosha vidole vyote vikae sawa kama vya mtu anayeapa. Anafanya hivyo wiki hadi wiki kwa mafuta ya nazi na dua. Kano zinarefuka. Siku ukija kupandisha kifundo, vidole havifungi tena, na kurudisha urefu wa kano ni kazi ngumu mno.

Kanuni ni fupi. Ukinyoosha vidole, kifundo kiwe kimeshuka chini. Ukipandisha kifundo, viache vidole vijikunje. Usinyooshe vyote kwa pamoja hata siku moja. Na usijiinue kitini kwa kuegemea kiganja kilichonyooka; egemea kwa ngumi, vidole vikiwa vimekunjwa. Mkono uliokunjika kidogo haupendezi kwenye picha, lakini unakula.

Kama kifundo chako hakipandi kabisa, yaani uko C5, bado vidole vifanyiwe hivyo hivyo. Huenda nguvu ya kifundo ikarudi kidogo, na ikirudi ikute kano ziko tayari.

Hatua ya tatu: kaa kwanza

Nimeona watu wakifundishwa kutumia kijiko wakiwa wamelala nusu kitandani, mto umewekwa nyuma ya kichwa tu. Hapo hata mtu mzima atajimwagia.

Sogeza makalio hadi nyuma kabisa ya kiti mwendo. Miguu ikae kwenye vikanyagio, magoti usawa wa nyonga. Misuli ya tumbo haifanyi kazi, kwa hiyo ukinyoosha mkono mbele mwili unaufuata. Funga mkanda mpana kifuani, au kanga iliyokunjwa ipite chini ya kwapa na kufungwa nyuma ya kiti. Isikaze hadi kubana pumzi. Funga breki. Kama miguu inarukaruka kwa mikazo ya misuli, funga na vifundo vya miguu, maana teke moja chini ya meza linahamisha mchuzi wote.

Meza za sebuleni ni fupi, na meza nyingi za kulia zina ubao wa pembeni unaogonga magoti. Magoti ya mtu kwenye kiti mwendo huhitaji nafasi ya sentimita 70 hivi kutoka sakafuni. Tuliinua meza yetu kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake, tukavipigilia visiteleze. Mtu wa C6 meza imfikie usawa wa kiwiko. Wa C5 iwe juu zaidi, karibu na kifua, ili mkono wa mbele ulale juu yake na bega lisibebe uzito wote. Kama hakuna meza ya kufaa, seremala anaweza kukukatia ubao wa kukaa juu ya mikono ya kiti, wenye nusu duara ya kuingiza tumbo na ukingo wa kuzuia vitu kudondoka.

Jambo moja la hatari: ukiinuliwa ghafla kutoka kulala, au ukishiba sana, presha inaweza kushuka. Macho yanaingia giza, masikio yanavuma, midomo inapauka. Acha kula, toa chakula mdomoni, kisha msaidizi alaze kiti nyuma na kuinua miguu yako hadi urudi sawa. Wengi huona nafuu wakikaa dakika kumi kabla ya kuanza kula na kufunga mkanda wa tumbo.

Hatua ya nne: shona mkanda wa kiganja

Huu ndio kifaa chenyewe, kwa C6 na hata kwa C7 wengi. Vya kununua vipo, lakini cha kushonewa kinakukaa vizuri zaidi kwa sababu kimepimwa kwako.

Zungusha futi ya fundi kwenye kiganja, juu ya vifundo vya vidole vinne, kidole gumba kikiwa nje. Mtu mzima wa kawaida huwa na sentimita 20 hivi. Chukua mkanda wa begi, ule mzito wa nailoni, wenye upana wa sentimita 3, uukate kwa kipimo chako na sentimita 7 za ziada. Kingo zichomwe kidogo kwa moto wa kiberiti zisichanike, kisha zipitishwe kidole na mtu anayehisi, maana plastiki iliyoyeyuka ikiganda huwa kali kama wembe na wewe hutaisikia.

Upande utakaokaa ndani ya kiganja, shonea kipande kingine juu yake kiwe mfuko wa sentimita 7 au 8. Ncha ya upande wa kidole cha mwisho ifungwe, ya upande wa kidole gumba iwe wazi. Mpini wa kijiko utaingia humo, na kichwa cha kijiko kitatokea upande wa kidole gumba. Mfuko ubane. Kijiko kikicheza ndani yake, utakula nusu na kupoteza nusu. Kama umeshonwa mpana, zungushia mpini kipande cha tyubu ya baiskeli.

Mgongoni mwa kiganja weka velkro, ile ya kuchana ya viatu vya watoto. Hapa mafundi husahau jambo: ncha ya mkanda ikunjwe na kushonwa kitanzi kinachoweza kuingiza kidole gumba cha mkono wa pili. Kwa kitanzi hicho utauvaa na kuuvua mwenyewe, au utauvuta kwa meno. Bila kitanzi, utakuwa umepata kula mwenyewe huku ukimngoja mtu akuvalishe.

Ngozi lazima izoeshwe kifaa polepole. Siku ya kwanza vaa dakika 15 hadi 20, vua, angalia. Wekundu ukibaki zaidi ya nusu saa, au kukiwa na alama ya mshono, mkanda unabana au umewekwa vibaya. Usiuvae siku nzima. Ni wa mezani, si saa ya mkononi.

Shona miwili. Ngozi ya ng'ombe ni nzuri kwa macho lakini ikilowa mchuzi haikauki. Nailoni unaifua kwa sabuni, unaianika juani, na kesho unavaa mwingine.

Hatua ya tano: kijiko na uma

Tafuta kijiko chembamba cha bei ndogo. Kijiko kizito cha seti ya wageni hakikunjiki, na uzito wake unachosha bega. Kikunje shingoni kichwa kielekee kwako, kidogo tu, kisha jaribu kukileta mdomoni kikiwa kitupu. Kikikupita shavuni, ongeza. Kikikuchoma kidevu, punguza. Kinapofika mdomoni kinapaswa kuwa bado kimelala sawa, si kimeinama. Kama kinamwaga njiani, kisokote kidogo shingo badala ya kuendelea kukikunja. Ukikipata, kipige alama ya rangi kisije kikanyooshwa na mtu wa kuosha vyombo. Changu kimenyooshwa mara tatu na watu wenye nia njema.

Kama vidole vinafumba kidogo, huhitaji mkanda. Vuta mpira wa usukani wa baiskeli uuingize kwenye mpini wa kijiko, au chonga kandambili ya zamani upate kipande cha unene wa sentimita 3, utoboe katikati, upitishe mpini. Kandambili hunyonya uchafu, basi ibadilishwe mara kwa mara.

Kisu sikishauri mwanzoni. Nyama ikatwe jikoni, na isikatwe mbele ya wageni.

Hatua ya sita: sahani isiyokimbia

Sahani bapa ni adui. Unasukuma wali, wali unapanda ukingo na kumwagika. Unahitaji ukuta wa kusukumia chakula hadi kiingie kijikoni chenyewe. Madukani kuna kingo za plastiki za kubana pembeni mwa sahani, lakini jikoni kwako kuna kitu bora: sufuria ndogo kabisa, ile isiyo na mkono, yenye ukuta ulionyooka. Dosari yake ni moto. Alumini hushika joto, kwa hiyo chakula kipakuliwe ndani yake, kisipikwe humo. Bakuli la bati lenye ukuta wima nalo linafaa.

Chini ya chombo weka kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Kwa meza ya plastiki tumia tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa na kulazwa bapa. Iliyochemshwa na kusuguliwa kwanza, maana ina unga na harufu yake.

Hatua ya saba: chakula cha kuanzia

Hapa nitawaudhi wapishi. Wali unaochambuka punje moja moja, fahari ya kila jikoni la pwani, ndio mgumu kuliko vyote kwa mtu anayeanza. Omba bokoboko. Omba ndizi za kupondwa, viazi vilivyorojeka, maharage mazito, mtori mzito, uji uliosimama. Chakula kinachonata kwenye kijiko kinakupa ushindi wiki ya kwanza. Wali wa kuchambuka utaufikia mwezi wa pili, pengine wa tatu, na hata hapo uchanganywe na mchuzi.

Ugali una njia mbili. Ya kwanza ni uma: ugali upoe, ukatwe vipande vya ukubwa wa kidole gumba, uma uingie kwenye mkanda, uchome, uchovye. Ya pili ni mkono wenyewe. Ugali ukiwa mgumu, mtu wa C6 anaweza kubana tonge kati ya kidole gumba na ubavu wa shahada kwa kupandisha kifundo, au akalibonyeza kati ya viganja viwili. Inachafua, inachukua muda, na ladha yake ni nyingine kabisa na ya uma.

Lakini ugali uliotoka jikoni una joto ambalo vidole vyangu havilijui. Kwa mtu wa C6 mara nyingi kidole gumba kinahisi, cha kati hakihisi, na cha mwisho ndiyo kabisa. Kwa hiyo pima moto kwa gumba kwanza. Kama hata gumba halihisi, apime msaidizi. Malengelenge niliyoyapata kwenye kidole cha kati niliyaona, sikuyasikia.

Samaki wachambuliwe miiba jikoni, wote, hata changu mdogo. Sababu iko hapa chini.

Ukipaliwa

Kikohozi chetu ni dhaifu, kwa sababu misuli ya tumbo na ya kati ya mbavu haisukumi. Mwenzako akipaliwa na mwiba anakohoa mara mbili kwisha. Wewe huna msukumo huo. Usile ukiwa umelala. Baki umekaa nusu saa baada ya kula. Usiongee na tonge mdomoni.

Kama kila ukinywa maji unakohoa, sauti inakuwa ya majimaji, au chakula kinakwama kooni, sema hospitalini kabla ya kuendelea na mazoezi haya. Kwa waliopasuliwa shingo kwa upande wa mbele hutokea mara nyingi, na kola ngumu ya shingo inazidisha.

Msaidizi wako afundishwe na mtaalamu wa fiziotherapia namna ya kukusaidia kukohoa kwa kusukuma tumbo chini ya mbavu. Afundishwe kabla, si siku ya tukio. Na kama umekabwa hasa, huwezi kutoa sauti wala kuvuta pumzi, afanye huduma ya kwanza ya kawaida: akushike kifua uiname mbele, apige mara 5 kwa nguvu kati ya mabega, isipotoka asukume tumbo ndani na juu mara 5, na kurudia, huku mwingine akitafuta msaada.

Kunywa

Kosa linalounguza wengi wetu ni kikombe cha chai katikati ya mapaja. Panaonekana mahali pazuri pa kukishikia, hasa kwenye kiti mwendo. Paja halihisi, chai inamwagika, na unakuja kujua jioni ukivuliwa nguo. Kikombe kikae mezani. Mapajani weka taulo zito lililokunjwa, kila mlo wa moto.

Kikombe kiwe na mkono mkubwa unaopitisha vidole vinne. Viingize, pandisha kifundo, inua, huku kiganja cha pili kikikinga chini. Kijazwe nusu. Mrija ni rahisi zaidi, lakini chai ya moto ikipita kwenye mrija inakufikia kooni kabla mdomo haujaionja. Subiri iwe vuguvugu. Mrija wa chuma nao unachoma midomo. Kwa maji, chupa yenye mpira mrefu wa kunyonyea ikifungwa pembeni mwa kiti inakupa uhuru wa mchana mzima, mradi mpira usafishwe kwa brashi ndefu kila siku. Usitumie mpira wa dripu uliokwisha kutumika.

Wengi hupunguza maji ili wasisumbue watu kwa mambo ya mkojo. Usifanye hivyo. Panga maji yaende na saa zako za katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo, kidogo kidogo, jioni yapungue.

Kama uko C5 au C4

Mkanda wa kiganja peke yake hautamtosha mtu wa C5, kwa kuwa kifundo kikining'inia kijiko kinatazama chini. Anahitaji bamba la kushikilia kifundo kiwe kimepanda nyuzi 20 hadi 30, lenye mfuko wa kijiko upande wa kiganja. Hilo si la fundi viatu. Ni la mtaalamu wa tiba kwa vitendo au fundi sanifu wa viungo bandia, kwa sababu bamba baya linatoboa ngozi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanafundishwa wote wawili. Chuo chake cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi sanifu tangu 1981. Dar es Salaam kuna hospitali za MOI na CCBRT. Nairobi kuna hospitali ya taifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo. Nenda na kijiko chako na picha ya meza yako.

Bega likiwa dhaifu, mkono unaweza kuning'inizwa. Ni tanzi mbili za kitambaa kizito, moja chini ya kiwiko na nyingine karibu na kifundo, zilizofungwa kwa kamba kwenye chuma kilichosimama juu ya kiti au kwenye boriti. Kamba ikiwa ndefu mkono unaelea, na nguvu kidogo ya bega inatosha kuupeleka sahanini na kuurudisha. Njia nyepesi zaidi ni kuweka kiwiko juu ya kigingi cha mbao chenye sponji, mkono uzunguke hapo kama mizani.

Mtu wa C4 na kwenda juu atalishwa. Mashine za kulisha zipo, kama Obi ya Marekani na Neater Eater ya Uingereza, ila bei ya Obi inahesabiwa kwa maelfu ya dola. Uhuru wake mezani uko kwenye kuamuru: nini kwanza, kiasi gani, lini kinywaji. Anayemlisha akae mbele yake, usawa wa macho, asisimame juu yake, na asichanganye vyakula vyote kama wa mtoto.

Mazoezi, na mama

Anza na mlo mmoja kwa siku, ule usio na haraka. Vijiko kumi vya kwanza ni vyako, vilivyobaki usaidiwe, maana mkono ukichoka bega linaanza kupanda hadi sikioni na maumivu ya bega ndiyo yatakayokurudisha nyuma. Wiki inayofuata viwe kumi na tano. Mlo wa kwanza niliomaliza mwenyewe ulichukua dakika hamsini, na chai ilikuwa imeshaganda utando.

Kikwazo kikubwa hakikuwa kiganja. Mama hakuweza kuniangalia.

"Mwanangu, mimi nipo. Unajitesea nini?"

"Najua upo, mama. Niachie vijiko kumi tu."

"Na uji ukimwagika?"

"Tutafuta."

Tulikubaliana kwamba vijiko hivyo kumi ataniachia yeye akiwa jikoni, ampe dada zamu ya kukaa nami. Kwa hiyo kama wewe ni msaidizi na mikono inakuwasha, toka. Mwache mtu mmoja wa kuangalia usalama, wengine wale chakula chao.

Siku ya shughuli

Harusini mnakaa kwenye mkeka, sinia katikati, na kiti chako kiko juu yao wote. Usikatae kwenda. Mwambie mwenyeji mapema akuwekee meza ndogo pembeni ya sinia hilo hilo, na apakue kutoka humo, ili uwe umekula na watu wako. Kwenye begi beba mkanda, kijiko kilichokunjwa, bakuli la ukuta wima, kipande cha tyubu, taulo na kitambaa cha kujifutia. Nawa kabla hujavaa mkanda. Uvae mapema, wakati bado wanagawa soda, kwa sababu biriani likifika hakuna mwenye nafasi ya kukusaidia velkro.